Tusomeane Namba

Mikono yangu inanuka jodari. Nimeiosha kwa ndimu, kwa siki na kwa majivu. Bado inanuka. Mume wangu Bien hunitania kwamba hata nikipotea sokoni atanifuata kwa pua. Mimi humjibu ashukuru, maana harufu hiyo ndiyo inayompikia wali.

Naitwa Avelina. Ninafanya kazi katika kiwanda cha samaki wa kopo hapa General Santos, mji wa bandari kusini mwa Ufilipino. Samaki anatoka kwenye tanuri la mvuke akiwa ameiva. Sisi tunamtoa ngozi na miiba, kisha tunatenga nyama nyeupe na nyama nyeusi. Nyeupe inaingia kwenye kopo la watu. Nyeusi inaingia kwenye kopo la paka. Tuko wanawake sitini na watatu katika ukumbi mmoja, na tunasimama tangu asubuhi mpaka saa kumi alasiri.

Ukumbi wetu una milango mitatu. Wa kwanza ni wa kuingilia. Wa pili unakwenda kwenye matanuri. Wa tatu umeandikwa DHARURA kwa rangi nyekundu, na umefungwa kwa mnyororo na kufuli. Ukiuliza sababu, unaambiwa wafanyakazi wanaiba samaki. Nimefanya kazi pale miaka tisa. Sijawahi kuona mtu akitoroka na jodari wa kilo arobaini ndani ya sidiria.

Mwezi Februari moshi ulitoka kwenye matanuri. Tulikimbilia mlango wa tatu tukausukuma kwa nguvu zetu zote. Mnyororo ulilia tu. Kwa bahati moto ulizimwa upesi. Lakini mwenzetu mmoja mjamzito alianguka, akakanyagwa mkono mpaka ukavunjika. Siku hiyo tulisema basi.

Rafiki yangu Crisanta alikuwa kiongozi wa zamu yetu. Aliupiga picha ule mlango. Tukaanza kuandika barua ya kupeleka kwenye ofisi ya serikali inayosimamia mambo ya kazi. Kila mmoja wetu aliweka jina na sahihi. Ili kupanga mambo, tulifungua kundi la ujumbe kwenye simu, kundi la kawaida tu kama yale ya familia. Tulidhani hiyo ni siri. Maskini sisi.

Jumatano moja, Rodelio, msimamizi wetu, alimwita Crisanta ofisini. Juu ya meza palikuwa na karatasi. Ilikuwa skrinshoti ya kundi letu, imechapishwa kwa rangi kabisa. Picha ya mlango ilikuwepo. Maneno ya Crisanta yalikuwepo: “Barua ikikamilika, tunaipeleka.” Jina lake lilikuwa pale juu, na picha yake akitabasamu.

Crisanta alisimamishwa kazi siku ile ile.

“Barua hiyo iko kwa nani?” Rodelio alimuuliza. “Na nani wamesaini? Nitajie, urudi kazini kesho.”

Crisanta hakumtajia hata mmoja.

Ukumbini tulianza kutazamana kwa jicho la pembeni. Nani msaliti? Filomena alimnunia Gliceria. Gliceria aliacha kula meza moja na Filomena. Mimi nilikuwa mkali kuliko wote. Nilisema mbele ya watu kwamba huyo nyoka nikimkamata nitamchuna kama jodari.

Jioni nilimsimulia Bien nikiwa nakata vitunguu. Bien alinyamaza. Huyu si mtu wa kunyamaza. Anaendesha bajaji, na dereva wa bajaji huongea hata na taa za barabarani.

“Bien?”

“Ile picha ya mlango,” alisema polepole. “Ile yenye maneno ya Crisanta.”

“Ndiyo.”

“Jumapili nilichukua simu yako kuangalia saa. Nikaiona. Nilijisikia fahari, Avelina. Nikasema, tazama mke wangu na wenzake, wanawake wa kweli! Nikaipiga skrinshoti, nikaituma kwenye kundi la familia.”

Kisu kilinianguka.

Hapa lazima nikueleze juu ya kundi letu la familia. Lina watu arobaini na mmoja. Wamo shangazi wa Davao, binamu aliyeko Kuwait, na mama mkwe wangu ambaye tunamwita Nanay. Na yumo Rodelio. Ndiyo, Rodelio yule yule. Yeye ndiye aliyemshika binti yetu Mayumi siku ya ubatizo. Kwetu, mtu akishamshika mtoto wako mbele ya padri amekuwa ndugu. Bien humwita Kumpare, nami namwita hivyo hivyo. Yeye huniita Kumare. Udugu huo ni wa maisha. Kila siku asubuhi hutuma kwenye kundi picha ya waridi na maneno “Habari za asubuhi, Mungu awabariki.” Kila siku Nanay hujibu “Amina.” Tulikuwa tumemzoea hivyo, na maua yake, hata tukasahau kwamba ana macho.

Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi niliyetaka kumchuna nyoka, nyoka alikuwa amelala kitandani kwangu, na simu ilikuwa yangu.

Nililia. Nilimtukana Bien matusi ambayo hayaandikiki. Kesho yake niliwaambia wenzangu ukweli wote. Ilikuwa aibu kubwa, lakini sikutaka Filomena na Gliceria waendelee kununiana kwa kosa langu.

“Basi tuache,” Gliceria alisema. “Barua tuichome. Mimi nina watoto wanne.”

“Na watoto wanne watakula nini siku mama yao akiungulia nyuma ya mlango?” Filomena alimjibu.

Nilikuwa upande wa Filomena. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu ilitaka mahali pa kwenda. Nikaenda kwa jirani yangu, Manang Salud.

Manang Salud ni fundi cherehani. Anashona sare za shule. Tunamwita Manang kwa sababu ni dada mkubwa kwa kila mtu mtaani. Ana miaka sitini na miwili na miwani mbili, moja ya uzi na moja ya simu. Nilijua kwamba akimaliza kushona huwa anaandika sana kwenye simu. Nilidhani ana mchumba.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha alivua miwani ya uzi, akavaa ya simu.

“Avelina, unaliona daftari lile?” Alionyesha daftari kuukuu juu ya cherehani. “Mna vipimo vya wanawake wote wa mtaa huu. Kiuno cha mke wa mwalimu mkuu kimo humo. Umewahi kukisikia kikitajwa?”

“Hapana.”

“Je, kiuno ni kosa?”

“Kwake labda,” nilisema, na tukacheka kidogo, mara ya kwanza wiki ile.

“Kiuno si kosa. Ila ni chake. Yeye ndiye wa kuamua nani akijue. Wapo watu duniani wanaoamini hivyo kuhusu maneno yote, hata ‘nunua chumvi’. Mimi ni mmoja wao.”

Ndipo nilipojua. Manang Salud hakuwa na mchumba. Alikuwa na baraza.

Ipo programu ya kutumiana ujumbe ambayo hufunga maneno kabla hayajaondoka kwenye simu yako. Yanafunguka kwenye simu ya unayemwandikia tu. Njiani hakuna awezaye kuyasoma, hata wenye programu yenyewe. Watu wanaoipenda wana baraza lao mtandaoni. Huko wanafundishana, wanasahihisha kasoro, na wanaitafsiri kwa lugha za watu. Manang Salud ni mmoja wa wanaoitafsiri kwa Kibisaya chetu. Amefanya hivyo miaka sita bila malipo.

“Mnafahamiana?” nilimuuliza.

“Kwa tabia, sana. Kwa sura, hapana. Mimi huko naitwa Sindano Butu. Yupo Kahawa Baridi. Yupo Mjusi Saba, aliyenifundisha kila kitu. Mpaka leo sijui kama Mjusi ni mwanamume au mwanamke. Mama yangu alipofariki, alikaa nami kwa maneno siku tatu. Sikumuuliza jina. Huko kumuuliza mtu jina ni kama kumchungulia bafuni.”

“Hamgombani?”

“Tunagombana! Mwaka jana tuligombania neno moja la kutafsiri siku tano. Mmoja alihama baraza. Alirudi baada ya wiki, tukamkaribisha. Lakini anayeuliza swali hachekwi, hata likiwa limeulizwa mara mia. Hiyo ndiyo sheria yetu kubwa.”

Jumamosi Manang Salud aliniwekea ile programu, na Jumapili aliwafundisha wenzangu kumi, nyumbani kwake, katikati ya sare za shule. Crisanta alikuja pia. Hatukuwaleta wote sitini na watatu. “Kundi kubwa ni wavu wenye matundu,” alisema Manang Salud. “Kumi watawaambia wengine kwa mdomo, kazini.”

Alitufundisha hatua kwa hatua. Kwanza, simu iwe na namba ya siri, na mume asiijue.

“Hata mume?” Gliceria alishangaa.

“Hasa mume mwenye fahari,” nilisema.

Pili, ujumbe ujifute wenyewe baada ya siku moja. Tatu, usimwingize mtu kwenye kundi kabla hujamuuliza yeye na wenzako. Nne, usipige skrinshoti ya maneno ya mwenzako. Akikuambia neno, amelikopesha sikio lako tu.

“Na programu itamzuia mtu kupiga skrinshoti?” Filomena aliuliza.

“Kuna namna ya kumzuia kidogo. Lakini atachukua simu nyingine aipige picha. Programu inafunga njia. Haifungi mdomo. Mdomo unafungwa na mwenyewe.”

Jambo la mwisho ndilo lililotuchekesha. Kila watu wawili wanaoandikiana wana namba yao ndefu, tarakimu sitini. Kwenye simu yangu na simu ya Crisanta, namba ya urafiki wetu lazima iwe moja. Ikiwa moja, basi mnaongea ninyi kwa ninyi kweli. Manang Salud alituketisha wawili wawili tusomeane kwa sauti. Chumba kizima kikajaa tarakimu, kama darasa la kwanza.

“Tatu, saba, saba, sifuri, nne…”

“Polepole! Nimepotea kwenye saba!”

“Na siku namba ikibadilika,” Manang Salud alisema kwa ukali, “programu itakuambia. Huenda mwenzako amepata simu mpya tu. Huenda si yeye. Hujui. Kwa hiyo hujibu chochote. Unamwambia, njoo tusomeane namba. Uso kwa uso. Hata awe dada yako. Hata awe analia.”

Tuliapa. Mahali pa kukutana palikuwa kwenye kibanda cha vitunguu cha Filomena, sokoni. Dada yake ndiye huuza pale.

Barua yenyewe, karatasi halisi yenye majina sitini na matatu, ilishonwa ndani ya bitana ya sketi ya shule. Hiyo hatukuipiga picha hata moja.

Jumatatu, saa ya chakula cha mchana, simu yangu ililia. Ulikuwa ujumbe kutoka kwa Crisanta, kwenye ile programu.

“Rafiki yangu, simu yangu imeharibika, nimeazima nyingine. Nimetoka kwenye kundi. Nirudishe. Nina shida sana, watoto hawajala. Na barua iko kwa nani sasa? Naogopa isipotee. Mungu akubariki.”

Juu ya ujumbe palikuwa na mstari mdogo: namba ya usalama kati yako na Crisanta imebadilika.

Nitasema ukweli wangu. Kidole changu kilikuwa tayari. Crisanta alipoteza kazi kwa sababu ya nyumba yangu. Alilala njaa kwa sababu ya mume wangu. Sasa anaomba jambo dogo, nami nimwambie nini? Thibitisha kwamba wewe ni wewe? Niliona aibu. Nilianza kuandika, “Usijali, barua iko salama kwa…”

Nikasimama hapo. Nilikumbuka sauti ya Manang Salud: hata awe analia. Nikafuta. Nikaandika: “Njoo tusomeane namba.”

Jibu lilikuja haraka. “Siwezi kuja. Mtoto mgonjwa. Huniamini? Mimi rafiki yako?”

Moyo uliniuma. Lakini sikuongeza neno. Saa kumi na nusu nilifika sokoni mbio, na aproni yangu ikinuka samaki. Crisanta alikuwa pale kibandani, ameketi juu ya gunia la vitunguu. Macho yalikuwa mekundu.

“Avelina, programu yangu imezimika tangu asubuhi,” alisema. “Inaniambia laini yangu imesajiliwa kwenye simu nyingine. Nimekuja hapa kama tulivyoapa. Nimekaa tangu saa tisa.”

“Hukuniandikia mchana?”

“Kwa simu gani?”

Nilimkumbatia mpaka vitunguu vikamwagika. Kisha tukaenda kwa Manang Salud.

“Laini yako uliinunua wapi?” Manang Salud alimuuliza.

“Sikununua. Kiwanda kiliwapa viongozi wa zamu. Ndiyo niliyotumia miaka miwili. Leo asubuhi Rodelio aliniita nirudishe mali ya kiwanda. Nikarudisha kitambulisho, aproni na laini. Nilidhani simu ndiyo muhimu, na simu ni yangu.”

Manang Salud alijipiga paja.

“Kosa ni langu. Nimewafundisha kufuli, sikuuliza nyumba ni ya nani. Programu inakujua kwa laini. Mwenye laini anaweza kusajili upya na kujiita Crisanta.”

“Basi amesoma yote!” nilipiga kelele.

“Hapana. Maneno ya nyuma hayakai kwenye laini. Yalikaa kwenye simu, na simu anayo Crisanta. Aliyoyapata ni jina tu. Ndiyo maana alihitaji wewe umwingize kundini.”

Hata hivyo hakutaka kutegemea kichwa chake peke yake. Aliandika barazani, sisi tukichungulia begani kwake. “Rafiki alijisajili kwa laini ya kazini. Laini imerudishwa kwa bosi. Bosi anajifanya yeye. Tufanye nini?”

Kabla chai haijapoa, majibu yalianza kuja. La kwanza lilikuwa la dharau: “Nani mwenye akili hujisajili kwa laini ya bosi?” Crisanta aliinamisha kichwa.

Mara Kahawa Baridi akamjibu yule: “Aliyepewa laini moja na hana ya pili. Hapa hatumcheki anayeuliza. Kama huna jibu la upole, pita.” Wengine wanane waliunga mkono. Yule mtu aliomba radhi, kisha yeye mwenyewe akaandika maelekezo mazuri kuliko yote. Crisanta anunue laini yake. Asajili upya. Aweke namba ya kulinda usajili, ili hata mwenye laini asiweze kumnyang’anya jina. Sisi tumtoe Crisanta wa zamani kwenye kundi, tumzuie, na tusimjibu.

Nilitaka kuwashukuru. Nilimwambia Manang Salud aandike jina la kiwanda chetu, dunia ijue uovu wao. Alituma maneno ya mwanzo, “Kiwanda hiki kinaitwa…” Mjusi Saba alikuwa mwepesi zaidi.

“Usituambie, Sindano. Hatuhitaji kulijua ili kuwasaidia.”

Niliyasoma maneno hayo mara mbili. Maisha yangu yote watu wanataka kujua: unatoka wapi, mume wako nani, umesaini nini, unakwenda msalani mara ngapi. Hawa walikuwa wa kwanza kunipa msaada na kukataa kunijua. Sijui kwa nini, nilitokwa na machozi.

“Na yule Crisanta wa uongo,” Filomena aliuliza, “tunajua kweli ni nani?”

“Alimalizia ‘Mungu akubariki’,” nilisema. “Ilibaki waridi tu.”

Rodelio alipoona hajibiwi, alibadili mbinu. Jumanne asubuhi tulimkuta langoni na kikapu cha plastiki.

“Simu zote humu!” alitangaza. “Mkiziweka, mzifungue. Ukaguzi wa usalama.”

Mimi nilikuwa wa tatu kwenye foleni. Wawili wa mbele yangu walinitazama. Manang Salud alikuwa ametuandaa usiku uliopita kwa sentensi moja tu. Alisema hajui kila sheria, lakini anajua watu: anayetaka siri zako hapendi kuacha sahihi yake.

“Kumare, simu,” alisema Rodelio.

“Niandikie, Kumpare.”

“Nikuandikie nini?”

“Karatasi. Andika: mimi Rodelio nimeamuru kusoma simu binafsi za wafanyakazi. Weka tarehe. Weka sahihi. Ukishamaliza, tutazungumza.”

Alicheka. Watu hawakucheka.

“Kama huna la kuficha, unaogopa nini?”

“Na wewe kama hufichi, kalamu unaiogopea nini?”

Uso wake ulibadilika. Alisogea karibu na kushusha sauti. “Avelina, mimi nilimshika mtoto wako mbele ya padri.”

“Ulimshika mtoto, Kumpare. Simu hukuishika.”

Nyuma yangu Filomena alipaza sauti: “Karatasi kwanza!” Kisha Gliceria, mama wa watoto wanne, yule aliyetaka tuichome barua: “Karatasi kwanza!” Na wawili wa mbele yangu wakageuka na kusimama upande wetu. Punde lango zima lilikuwa linaimba, “Karatasi kwanza! Karatasi kwanza!” Hakuna aliyerusha jiwe. Hakuna aliyetukana. Tulisimama tu na simu zetu mifukoni.

Jodari aliyetoka tanurini hangoji. Akikaa anakauka, na aliyekauka haingii kopo la watu. Dakika ya ishirini meneja alitoka mbio.

“Samaki wanaharibika! Rodelio, wanataka nini?”

“Sahihi ya Kumpare tu, bwana,” nilisema.

Meneja alimtazama Rodelio. Rodelio alikitazama kikapu chake. Hakikuwa na simu hata moja.

“Waingie,” meneja alisema.

Siku ile tulisafisha samaki kwa kasi ambayo hatujawahi kuifikia. Mikono ilikuwa inaimba.

Ijumaa, Crisanta, Filomena na mimi tulipanda bajaji ya Bien. Crisanta alivaa sketi ya sare ya shule, ya kijani, imembana kweli kweli. Tulipofika ofisi ya kazi aliomba mkasi. Afisa alishangaa kumwona mwanamke mzima akichana sketi yake mbele ya meza. Bitana ilipofunguka, barua ilitoka, majina sitini na matatu, bila mkunjo mbaya. Tuliambatisha picha za mlango. Afisa alituandikia risiti ya kupokea. Hiyo sasa niliipiga picha mwenyewe.

Baada ya siku kumi na moja wakaguzi walifika bila taarifa. Walikwenda moja kwa moja mlango wa tatu. Mmoja alitingisha mnyororo, nao ukalia kama ulivyolia Februari. Safari hii aliyesikia alikuwa na kalamu. Mnyororo ulikatwa kabla ya saa ya chakula. Wiki iliyofuata Crisanta alirudi kazini, na laini yake mwenyewe.

Kundi letu la siri lipo mpaka leo. Maneno yake hufutika kila siku, nasi twaandika mapya. Kila mwezi mwanamke mpya huja kibandani, na sisi tunamsomea namba, “tatu, saba, saba,” kati ya vitunguu. Akipotea hatumcheki.

Kundi la familia nalo lipo. Watu waliniuliza kwa nini sikutoka. Kwa nini nitoke mimi?

Asubuhi moja Rodelio alituma waridi lake kama kawaida. “Habari za asubuhi, Mungu awabariki.” Bien alikuwa mezani. Kwenye simu yangu ilikuwepo picha mpya ya mlango wa tatu, uko wazi kabisa, mwanga wa jua umelala sakafuni mpaka kwenye meza zetu. Nilimwonyesha. Aliiangalia muda mrefu. Kidole chake kilisogea, kikasita.

“Avelina,” alisema, “inaruhusiwa kutuma hii?”

Nilimtazama mume wangu. Nilimpenda sana dakika ile.

“Inaruhusiwa,” nilisema. “Lakini nipe, natuma mwenyewe.”

Niliituma kwa jina langu kamili, mbele ya watu arobaini na mmoja. Chini yake niliandika: “Habari za asubuhi na kwako, Kumpare. Huu ndio mlango wetu.”

Alama za kuona zilitokea moja moja. Shangazi wa Davao aliona. Binamu wa Kuwait aliona. Rodelio naye aliona.

Kisha Nanay akaandika: “Amina.”